Ukurasa Upo, Picha Haipo: Kusaka Michoro ya Mashabiki Kwenye Tovuti Zilizokufa

Mnara wa saa wa Beit el-Ajaib, jumba la kale la Mji Mkongwe hapa Unguja, uliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, na watu wawili wakafa kwenye kifusi. Siku chache baadaye, maneno ya msiba yalipopoa kidogo, mtoto wa ami yangu alinipigia simu. Alizunguka sana kabla ya kusema alichotaka, maana aliona haya. "Kaka, ule mchoro wangu wa Freddie na mnara, unadhani bado upo popote?"

Mchoro wenyewe ni wa 2006. Mwaka ule Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, aliyezaliwa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, angetimiza miaka 60 kama angekuwa hai, na jina lake lilikuwa midomoni mwa watu, huyu anamsifu, yule hataki hata kusikia. Mdogo wangu alikuwa kidato cha tatu. Alichukua kalamu ya risasi na bairo nyeusi akamchora Freddie na masharubu yake, kanzu nyeupe, kofia ya kiua, mkononi ile fimbo ya maikrofoni isiyo na kitako, na nyuma yake Beit el-Ajaib. Saa ya mnara aliipa mishale ya saa kumi na robo, kwa kuwa ndiyo saa aliyokuwa akitoka tuisheni. Tukaupeleka mchoro kwenye kafe moja ya intaneti Mkunazini, ukapigwa skana, ukatumwa kwa barua pepe kwa bibi mmoja wa Uingereza aliyekuwa na tovuti ya mashabiki. Akauweka. Kijana akatembea kifua mbele wiki nzima.

Karatasi ililiwa na mchwa. Tovuti nayo haipo tena.

Tangu siku ile ya simu nimesaka michoro ya namna hii mara nyingi, ya kwake na ya watu wengine. Zana za kutafutia zipo, tena nyingi ni za bure. Kinachowapoteza watu njia ni kudhani kwamba ukurasa na picha iliyomo ni kitu kimoja, kwa hiyo kimoja kikifa na kingine kimekufa.

Nyumba mbili tofauti

Ukurasa wa tovuti ni maandishi matupu. Pale unapoona picha, kilichoandikwa ni agizo tu: nenda anwani fulani, chukua faili yenye jina fulani, ilete uiweke hapa. Ni kama mtu anayekuelekeza njia Mji Mkongwe: pita uchochoro wa kushoto, nyuma ya msikiti, mlango wenye njumu za shaba, piga hodi. Karatasi ya maelekezo unaweza kukaa nayo mfukoni miaka 20. Nyumba ikibomoka, karatasi haina habari.

Na mara nyingi nyumba hiyo haikuwa hata ya mwenye tovuti. Miaka ya 2000 nafasi ya kuweka faili ilikuwa ya kubana, kwa hiyo mashabiki waliandika kurasa zao mahali pamoja, picha wakazipangisha kwenye huduma nyingine za bure. Photobucket, iliyoanzishwa 2003, ilibeba picha nyingi mno za namna hiyo. Katikati ya 2017 ikabadili masharti: anayetaka picha zake zionekane kwenye tovuti za wengine alipe karibu dola 400 kwa mwaka. Wasiolipa, picha zao ziligeuka kibao kimoja cha tangazo, kwenye kurasa ambazo zenyewe zilikuwa hai na salama. TinyPic ikafunga milango 2019. Imgur nayo mwaka 2023 ilitangaza kufuta picha za zamani zilizopakiwa bila akaunti na ambazo hakuna anayezitazama.

Matokeo yake utakuta kurasa zenye maneno yote na picha hata moja hakuna. Na utakuta kinyume chake, ambacho ndicho kinachonipa matumaini kila ninapokaa kutafuta: picha iko hai kabisa kwenye seva, ile kompyuta inayotunza faili za tovuti, lakini kurasa zote zilizoitaja zimekufa, hakuna aliyebaki wa kukuonesha mlango.

Upotevu huu si wa mashabiki peke yao. Pew Research Center ya Marekani ilichapisha mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo 2013 hazikuwa zikipatikana tena miaka kumi baadaye. Lakini michoro ya mashabiki hutangulia, kwa sababu mwenye nayo ni mtoto wa skuli na hana bajeti ya kulipia chochote.

Sisi wa Unguja tulikuwa na sababu yetu ya ziada. Waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Bara ulituangusha mara mbili, karibu mwezi mzima mwaka 2008, kisha kwa takriban miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Mdogo wangu alikuwa na nakala ya mchoro kwenye akaunti yake ya huduma moja ya bure, yenye sharti kwamba usipoingia kwa siku 90 mfululizo vitu vyako vinafutwa. Kafe zilizokuwa na jenereta zilipandisha bei, na hakuwa na hela. Umeme uliporudi akaunti ilikuwa tupu. Barua ya onyo ilikuwepo, imekaa kwenye barua pepe, ya wiki mbili nyuma.

Tafuta anwani, picha itafuata

Mtu akiniambia "nimetafuta kila mahali," namuuliza ametafuta nini. Jibu huwa ni maneno: jina la msanii, jina la mhusika, labda na mwaka. Injini ya utafutaji haiwezi kukujibu hapo, kwa sababu inaorodhesha vilivyo hai leo, na wewe unatafuta kilichokufa. Kilichokufa huitwa kwa anwani yake kamili, herufi kwa herufi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye kazi hii daftari ni anwani. Zinajificha sehemu za ajabu. Barua pepe za zamani, kwanza. Kisha kurasa za viungo za tovuti nyingine za mashabiki, maana zamani kila tovuti ilikuwa na orodha ya majirani zake, na daftari la wageni ambamo watu waliacha salamu pamoja na anwani zao. Sisi tuliipata kwenye sanduku la mke wa ami. Alikuwa amehifadhi ukurasa uliochapishwa kwenye karatasi siku ile ile kwenye kafe, kwa fahari ya mtoto wake. Picha imefifia na kuwa kivuli cha kijani. Lakini vivinjari huchapa anwani pembeni mwa karatasi kwa herufi ndogo, na mchwa walikuwa wamekula upande wa pili.

Ukiijua historia ya makazi ya zamani, anwani husema mengi. GeoCities, iliyoanza 1994 huko California, iliwapanga wenyeji wake kwa mitaa kama mji: wapenzi wa roki waliishi SunsetStrip, wa katuni za Kijapani Tokyo, na kila mmoja na namba yake ya nyumba. Yahoo iliinunua 1999 na kuifunga Oktoba 2009. Kundi la wanaojitolea liitwalo Archive Team, lililoanzishwa na Jason Scott, lilikimbizana na siku likinakili kinachowezekana, na mwaka uliofuata likauachia umma mzigo wa zaidi ya gigabaiti 600. Ziko na tovuti nyingine zilizohifadhi kurasa za GeoCities, kama oocities.org, kwa hiyo ukikuta anwani yenye mtaa wa SunsetStrip na namba ya nyumba usikate tamaa mapema. GeoCities ya Japani iliendelea kuishi hadi Machi 2019. Kwa michoro ya Kijapani hiyo ni miaka kumi ya ziada, ilimradi umtafute mhusika kwa jina lake la Kijapani, kwa maandishi ya kwao.

Ukishaipata anwani, unaipeleka Wayback Machine. Hii ni hifadhi ya Internet Archive, taasisi aliyoianzisha Brewster Kahle mwaka 1996 huko San Francisco, na ilifunguliwa kwa umma 2001. Ofisi zao ziko ndani ya lililokuwa kanisa. Watu wengi wanaijua, wanaandika anwani, wanafungua tarehe moja, wanaona mraba mtupu wenye alama ya picha iliyovunjika, wanafunga. Wanaondoka mlangoni kabla ya kupiga hodi mara ya pili.

Hebu tukae hapa kidogo. Roboti ya hifadhi, yaani programu inayozitembelea kurasa yenyewe, inapofika kwenye ukurasa inanakili maandishi, inasoma maagizo ya picha, kisha inazifuata picha moja moja. Wakati mwingine inazifuata papo hapo, wakati mwingine wiki kadhaa baadaye, wakati mwingine haizifuati kabisa. Kila faili ina tarehe yake. Ukurasa unaouona hapo umeshonwa kwa vipande vya siku mbalimbali, kama kanga ya viraka.

Kwa hiyo badala ya kufungua ukurasa, omba orodha ya faili. Andika anwani ya tovuti na mwishoni weka kinyota, na hifadhi itakutolea kila faili iliyowahi kunakiliwa chini ya anwani hiyo, pamoja na zile ambazo hakuna ukurasa unaozitaja tena. Kuna kisanduku cha kuchujia. Andika jpg, kisha gif, ambazo ni aina za faili za picha. Nilipofanya hivyo kwa tovuti ya yule bibi zilitoka faili mia mbili na kitu. Nikateremka taratibu, na katikati nikaona jina: freddie_kanzu_s.jpg.

Nilipiga kelele hadi mke wangu akaja kutazama kuna nini.

Kwenye anwani ya nakala kulikuwa na tarakimu 14: 20070314091522. Huo ni mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde. Tarehe 14 Machi 2007, saa 9 na dakika 15 kwa saa za Greenwich, ambayo kwetu ni saa sita na robo mchana. Adhana ya adhuhuri ilikuwa karibu, na mashine fulani Marekani ilikuwa inanakili mchoro wa mtoto wa Mkunazini bila kujua ni nini.

Tatizo ni ile "_s". Wenye tovuti walikuwa na desturi ya kutengeneza picha mbili, kijipicha cha kuoneshea na kubwa ya kufungulia ukikibofya. Kijipicha hupewa alama yake, "_s" au "th" au "tn". Ukikipata, ondoa alama ujaribu tena. Jaribu na herufi kubwa pia, maana kwa seva nyingi .JPG na .jpg ni faili mbili zisizojuana, na kamera na skana za wakati ule zilipenda herufi kubwa. Nilijaribu zote. Faili ya freddie_kanzu.jpg ilikuwepo, nakala moja tu, ya 2009.

Nikaifungua. Kibao: mgao wa mwezi wa tovuti hii umekwisha, rudi baadaye.

Hili ni la kujihadhari nalo. Tovuti za bure zilikuwa na kiwango cha kutazamwa, na kikiisha seva ilitoa kibao badala ya picha, kwa jina lile lile la faili. Roboti haina macho, ikanakili kibao ikaandika "imepatikana." Ukiona nakala ya kilobaiti mbili tatu kwa picha unayoijua ni kubwa, kagua tarehe zote nyingine kabla ya kuamini. Hatari ya pili ni majina ya kivivu. Mwenye tovuti aliyeita faili yake picha1.jpg mwaka 2005, kisha akaweka picha nyingine kwa jina hilo hilo 2008, atakufanya uone mchoro wa 2008 ndani ya ukurasa wa 2005. Nimewahi kumpelekea mtu mchoro usio wake kwa kosa hilo. Alinishukuru kwa adabu, akanyamaza miezi.

Kuhusu kutafuta kwa kutumia picha yenyewe nitasema kwa ufupi, kwa sababu sifa zake zinazidi uwezo wake. TinEye ya Kanada ilianza 2008, Google ikafuata 2011. Zinaipunguza picha yako kuwa aina ya alama ya kidole, kisha zinalinganisha na alama za picha zilizokwisha kuorodheshwa. Ukiwa na kijipicha, unaweza kupata ndugu yake mkubwa aliyehamia kwingine, na TinEye hukuruhusu kupanga matokeo kuanzia ya zamani zaidi, jambo linalosaidia kumjua mwenye asili. Kwa michoro ya mtindo wa Kijapani SauceNAO ni bora kuliko zote. Lakini mchoro ambao hakuna aliyeupakia tena baada ya tovuti kufa hauwezi kuonekana huko. Wetu haukuonekana. Na kama michoro unayoitafuta ilikuwa ndani ya maonesho ya Flash, teknolojia ya zamani ya katuni za mtandaoni iliyoachwa mwishoni mwa 2020, hitaji lako ni programu ya Ruffle ya kuyachezeshea, si injini ya utafutaji.

Droo za watu

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo watu wasipotaka kwenda, kwa sababu inabidi uzungumze na binadamu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti yetu ilikuwa ya setilaiti, ya kupasua roho, na kitu kilichochukua dakika kumi kufunguka hukiachi kiende. Watu walihifadhi. Kwenye disketi, kwenye sidii, kwenye memori kadi za simu za batani. Mimi huanza na wale walioondoka, Muscat, Dubai, London, maana anayehama huchukua vitu vyake na hana wajukuu wa kuvichezea.

Ukiletewa memori kadi ya zamani, usipige nayo picha hata moja, na simu ikikuuliza kama iipange upya, kataa. Kufuta faili huondoa jina kwenye orodha tu, vilivyomo hukaa mpaka viandikwe juu. Programu ya bure ya PhotoRec haijali orodha hiyo. Inapitia kadi nzima ikitafuta namna faili za picha zinavyoanza, na kila JPEG huanza vilevile. Majina hayarudi, picha hurudi. Sidii za kunakilia nyumbani ni habari nyingine: rangi inayobeba data hufifia, na joto na unyevu wetu huharakisha. Ikisoma mara moja, nakili yote hapo hapo.

Kuna jambo moja ambalo zana hazitakuambia. Wako walioondoa vitu vyao kwa makusudi. Binti aliyeweka picha zake za harusini kwenye mtandao wa urafiki mwaka 2007, kichwa wazi, leo ni mama wa watu, na kufa kwa ule mtandao kwake ilikuwa sitara. Ninapochimba na kukuta vitu vya namna hiyo, navipita. Mchoro nao ni mali ya aliyeuchora. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003, na hata bila sheria, adabu ni kumuuliza mwenyewe kabla ya kuurudisha hadharani. Mchoro wa utotoni wa mtu mzima unaweza kumfurahisha au kumuaibisha, na huwezi kujua ni lipi kwa kukisia.

Nakala yetu ilitoka Muscat. Mwenzake wa skuli alikuwa nayo kwenye sidii iliyoandikwa kwa kalamu ya wino "VITU VYA SIMU." Mwaka 2008 aliukata mchoro ili uenee kioo cha simu yake, pikseli, yaani vidoa vya picha, 240 kwa 320, na alipoukata alimpenda zaidi Freddie. Kofia ya kiua inaonekana kila kitundu. Masharubu, kanzu, fimbo ya maikrofoni, vyote vipo. Nyuma yake kuna vibaraza viwili vya Beit el-Ajaib, kisha ukingo wa picha. Mnara hakuna.

Mnara uko kwenye kile kijipicha tu, na pale una upana wa pikseli tisa.

Nikafanya nilichoambiwa nisifanye. Nilikipeleka kijipicha kwenye programu ya akili mnemba ya kukuza picha. Programu hizo hazikuzi, zinakisia. Zimeona minara mingi na zinakuchorea unaofanana na mingi. Ulitoka mnara safi wa kupendeza, wenye namba za Kirumi, na mishale kwenye saa mbili kasorobo. Nikamtumia mdogo wangu vyote vitatu, kijipicha, kipande cha Muscat na ule mnara mpya.

Akajibu usiku. "Freddie ni wangu. Hivi vidoa tisa ni vyangu. Hii saa ifute, mimi nilikuwa natoka tuisheni saa kumi na robo."